Sanamu ya Ndugu Katibu Tarafa na Sherehe ya Mavuno ya Nyamigano

Risala ya wananchi, walimu na wanafunzi wa Kijiji cha Nyamigano, Wilaya ya Kasulu, kwa Ndugu Afisa Utamaduni na Michezo wa Wilaya, Julai 1977

Mgeni Rasmi, Ndugu Afisa Utamaduni na Michezo wa Wilaya. Ndugu Katibu Tarafa. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji. Walimu, wazee, akina mama na vijana. Nanyi ndugu zetu mliotembea kutoka Titye na Kitanga ili kuwa pamoja nasi:

KARIBU NYAMIGANO

Tunakukaribisha kwa mikono miwili, na kwa makofi yetu ya Kiha, yale ya polepole uliyoyasikia uliposhuka garini. Huenda uliyaona marefu. Kwetu mgeni hapigiwi makofi machache. Tunamshukuru Mungu aliyekuvusha salama kwenye daraja letu la magogo. Tumeambiwa kwamba dereva wako alishuka kwanza akalijaribu kwa mguu. Alifanya vizuri, hata sisi hufanya hivyo.

Mgeni Rasmi, tunajua hukuja kutembea tu. Umekuja kuitazama Sherehe yetu ya Mavuno, kisha useme kama irudi au ifutwe kabisa, maana imesimamishwa kwa barua tangu mwaka juzi. Wazee wanalijua jambo hilo, na watoto wanalijua zaidi. Kwa hiyo tunaomba utuvumilie tueleze mambo kama yalivyotokea, pamoja na yale yanayotuchekesha na yale yanayotutia aibu.

Risala hii imeandikwa katika darasa la jioni la kisomo cha watu wazima. Tuko wanafunzi ishirini na sita, na wengi wetu tuna wajukuu. Kabla ya kuanza tulisali, Wakristo na Waislamu, kila mtu kwa njia yake, tukiomba tusiongeze neno wala tusipunguze. Kisha tulibishana jioni nne. Aliyechaguliwa kuisoma amechaguliwa kwa sababu sauti yake inafika mbali, si kwa sababu anajua kuliko wenzake.

TULIVYOKUWA ZAMANI

Kijiji hiki kilianza mwaka 1972, wakati wa kuhamia vijijini. Kabla ya hapo tulikaa juu ya vilima vitatu, Kavumu, Rugina na Gasenga. Tulishuka hapa bondeni tukiwa tumejitwika milango ya nyumba zetu kichwani. Nyumba mpya zilipangwa vizuri kwa mstari, lakini mioyo ilibaki kule juu, kila mmoja kwenye kilima chake. Kisima kilikuwa kimoja. Watu wa Kavumu walichota asubuhi, wa Rugina mchana, wa Gasenga jioni, na mama aliyekosea saa yake alirudi nyumbani na vigae vya mtungi.

Watoto walitufuata sisi. Walikwenda shuleni kwa njia tatu, na darasani walikaa mafungu matatu. Mwalimu akitoa mpira wa magome ya migomba, fungu moja liliucheza na mafungu mawili yakasimama pembeni kuwatukana. Wengi waliona afadhali kubaki nyumbani kuchunga mbuzi. Siku ya soko shule ilikuwa kama nyumba iliyohamwa.

Mwaka 1973 tulipewa Mwalimu Asia Hilali, kutoka Tanga. Alipofika alikuwa hajui neno moja la Kiha, na sisi Kiswahili chetu kilikuwa cha kuombea chumvi dukani. Siku moja mwezi wa sita aliwakuta akina mama wamekusanya mabua ya maharage na majani makavu ya migomba tayari kuyachoma. Ni kazi yetu ya kila mavuno. Majivu yake tunayachanganya na maharage ya akiba ili wadudu wasiyatoboe, na yanayobaki tunayarudisha shambani. Alikuwapo Mzee Nsengimana, msusi wa vikapu, ambaye leo ameketi pale mbele na kofia yake ya sufi.

Mwalimu alimwuliza, "Mzee, kabla hamjayachoma, siwezi kuwapa watoto takataka hizi wazichezee kidogo?"

Mzee akamjibu, "Mwanangu, hizo si takataka. Hayo ndiyo yaliyotulisha mwaka huu."

Mwalimu akafikiri. "Basi kabla hayajaondoka tuyape mwili, tuyaage."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, Mgeni Rasmi. Hatukuiga mahali popote.

JINSI SHEREHE INAVYOFANYIKA

Watoto wa kila kilima hutengeneza sanamu moja kubwa ya kitu ambacho kilima chao kinakishukuru mwaka huo. Mifupa ni mianzi, nyama ni mabua ya maharage, ngozi ni magome ya migomba. Rangi ni udongo mwekundu, majivu na masizi ya chungu. Mwaka wa kwanza Kavumu walitengeneza ng'ombe mwenye pembe ndefu kuliko mlango wa kanisa. Rugina walitengeneza korongo, kwa sababu walisema wao ndio huwaona ndege hao kwanza mvua ikikaribia. Gasenga walitengeneza ganda la haragwe, na ndani yake walitembea wasichana tisa waliovaa nguo nyekundu, kila msichana punje moja.

Sanamu hutembezwa kwa ngoma kutoka nyuma ya shule, hupita kisimani, kisha huja uwanjani hapa. Halafu ni michezo mpaka jua linapoteremka: mbio za magunia, netiboli, mpira wa miguu, mbio za akina mama wenye mitungi ya maji kichwani, na mwisho kuvuta kamba. Baada ya hapo sanamu huwekwa katikati ya uwanja na kuchomwa. Wote hupiga makofi ya heshima, kisha kila nyumba huchukua majivu yake.

Mwaka ule wa kwanza haukwenda vizuri. Ng'ombe wa Kavumu alipopita kisimani, watoto wa Gasenga walimvunja pembe, na watoto wa Kavumu wakalipiga teke ganda la haragwe huku wasichana wakiwa ndani. Wazazi waliingia kuwaamua watoto, wakaishia kupigana wao. Mwalimu Asia hakupiga kelele. Jumatatu yake aliwaita wazee akasema, "Mwakani ng'ombe wa Kavumu atabebwa na watoto wa Rugina. Korongo wa Rugina atabebwa na Gasenga. Haragwe la Gasenga litabebwa na Kavumu."

Mzee Nsengimana, ambaye ni mtu wa Kavumu, alisimama. "Ng'ombe wangu abebwe na Rugina? Hao hata mbuzi hawajui kumfunga."

"Basi wafundishe, Mzee."

"Nikawafundishe wapi?"

"Uani kwako. Wakitoka shule waje, wapate na uji."

Alikaa chini akinung'unika. Lakini mwaka 1974 watoto kumi na wawili wa Rugina walikwenda uani kwake kila siku kwa wiki tatu, wakajifunza jinsi ng'ombe anavyotembea akiwa ameshiba na anavyotembea akisikia ndama wake. Walikunywa uji wa mkewe. Siku ya sherehe walimbeba yule ng'ombe kama wanabeba bibi arusi. Mzee alitembea kando yao njia nzima akisema, "Taratibu, wanangu, taratibu." Tulimsikia sote, akiwaita watoto wa Rugina wanangu.

Desturi hiyo tumeishika tangu hapo. Unatengeneza chako, kisha unampa jirani akubebee. Na katika kuvuta kamba hatuvuti tena kilima kwa kilima. Tunavuta waliozaliwa wakati wa mvua dhidi ya waliozaliwa wakati wa kiangazi. Mabishano sasa ni ya akina mama kukumbushana nani alijifungua lini.

MAFANIKIO

Tunamshukuru Mungu kwa mengi, tutataja machache.

Shule iliyokuwa na watoto sabini na wanane wanaofika kila siku ilifikisha mia moja na tisini mwaka 1975. Mwalimu Mkuu aliweka sharti kwamba asiyefika darasani hashiki mwanzi wa sanamu, na sharti hilo lilifanya kazi kuliko fimbo.

Kisimani sasa kuna mstari mmoja. Aliyetangulia ndiye anayetangulia. Mitungi iliyovunjika tangu 1974 ni miwili, na yote miwili iliwaponyoka wenyewe.

Zimefungwa ndoa nne kati ya kilima na kilima. Bwana arusi wa kwanza alimwona mchumba wake katika mbio za mitungi, akitangulia mbele bila kumwaga tone. Baba yake alimwonya, "Huyo utamkimbiza wapi ukikosana naye?" Akajibu kwamba hana mpango wa kukosana naye. Mtoto wao sasa anatambaa.

Katika mpira tulifungwa na Titye mabao matano kwa bila, na ndugu zetu walioko hapa hawajaacha kutukumbusha. Tunalitaja kama mafanikio kwa sababu zamani tusingeweza kupata timu moja ya kufungwa.

Na kisomo. Darasa la jioni lilianza na watu saba. Akina mama walianza kuja kwa wingi pale ratiba ya sherehe ilipobandikwa ukutani, wakachoka kumwomba mtoto awasomee mbio zao ni saa ngapi. Walikuja kwa ajili ya ratiba, wakabaki kwa ajili ya mengine. Sasa wapo kati yetu wanaojisomea Injili, na Mama Mwamvua, mke wa mwenye duka, anajisomea barua za mwanawe aliyeko Kigoma. Wapo walioomba miaka mingi Mungu awaoneshe neno lake kwa macho yao kabla hawajafa, naye amewaonesha.

JAMBO LILILOTOKEA MWAKA 1975

Mgeni Rasmi, sasa tumefika kwenye jambo lenyewe. Ndugu Katibu Tarafa, Ndugu Omary Gharibu, ameketi kulia kwako. Tulimwuliza kama tulisome mbele yake. Alisema, "Lisomeni lote, lakini msikae sana kwenye tumbo." Tutajitahidi.

Mwanzoni mwa mwaka 1975 Ndugu Katibu Tarafa, ambaye alikuwa mgeni katika tarafa hii, alituletea mpira wa ngozi kutoka Kigoma. Aliuleta mwenyewe kwa pikipiki, ameufunga tumboni chini ya koti usilowe na mvua. Ulikuwa mpira wa kwanza wa kweli katika kijiji hiki. Watoto wa Rugina walipoulizwa mwaka ule wanashukuru nini, walisema wote kwa pamoja kwamba wanamshukuru Katibu Tarafa.

Walimtengeneza. Walimfanyia kofia, miwani ya waya, koti la magunia ya karatasi ya simenti, na pikipiki ya mianzi yenye magurudumu yanayozunguka. Tumbo lilitoka kubwa kuliko lake. Kwetu mtu tunayempenda hatumtengenezi mwembamba. Na wao walikuwa wamemwona siku ile tu, akiwa na mpira chini ya koti.

Ndugu Katibu Tarafa ndiye aliyekuwa mgeni rasmi. Sanamu yake ilipoingia uwanjani imebebwa na watoto wa Gasenga, alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Alisimama akaipa mkono. Alisema katika hotuba yake kwamba hajawahi kupewa heshima kama ile mahali popote alipofanya kazi.

Kosa letu ni hili. Hakuna aliyemwambia jinsi sherehe inavyoisha. Mwenyekiti alidhani Mwalimu Mkuu amemweleza. Mwalimu Mkuu alidhani ni kazi ya Mwenyekiti. Sisi wengine hatukudhani kitu, maana kwetu ilikuwa wazi kama jua. Mwalimu Asia, ambaye angekumbuka kwamba mgeni hajui, alikuwa likizo ya uzazi Tanga.

Jua lilipoteremka tuliwaweka katikati ng'ombe, haragwe na Katibu Tarafa. Mzee Nsengimana akawasha moto. Katibu Tarafa ndiye aliyeshika haraka, kwa sababu ya karatasi za simenti. Tulipiga makofi ya heshima, mazito. Bibi zetu waliinama. Mama mmoja alisema kwa sauti kwamba safari hii anataka majivu ya tumbo, ndiyo mengi. Tulifurahi, Mgeni Rasmi, hatuwezi kusema uongo. Na hakuna kati yetu aliyegeuka kumtazama mgeni usoni.

Desturi ni kwamba kikapu cha kwanza cha majivu ni cha mgeni. Alichaguliwa kukipeleka Josephina Kasian, wa darasa la nne, kwa sababu alikuwa wa kwanza katika mtihani. Alipiga magoti kama alivyofundishwa, akakishika kikapu kwa mikono miwili.

"Shikamoo."

"Hiki ni nini?"

"Ni wewe."

Ndugu Katibu Tarafa alisimama. Hakukipokea. Alimwuliza mtoto, "Nani amekutuma kunifanyia hivi?" Josephina hakujua amefanya nini. Alitutazama sisi. Sisi tukatazama chini. Mgeni alipanda pikipiki yake akaondoka na soda yake haijafunguliwa.

Baada ya siku tisa ikaja barua. Ilifika jioni wakati wa kisomo, nasi tukaomba tuisome wenyewe, kwa kuwa ilikuwa barua ya kwanza ya serikali kuandikiwa kijiji tangu tujue kusoma. Tuliisoma kwa zamu, kila mtu mstari mmoja. Ilituchukua jioni mbili. Tulipomaliza mstari wa mwisho tulishangilia, tukapeana mikono, mwalimu wetu hakutuzuia. Kisha bibi mmoja akauliza, "Sasa imesema nini?" Tukarudi juu tukaisoma tena, safari hii kimya. Ilisema kwamba mikusanyiko ya kuchoma sanamu za viongozi ni dharau na ushirikina, na kwamba sherehe imesimamishwa mpaka Wilaya itakapoamua.

Tulisali jioni ile, hatukusoma kitu kingine.

TULIVYOKWENDA KUOMBA RADHI

Tulituma watu watano ofisini kwa Ndugu Katibu Tarafa, wakatembea tangu alfajiri. Aliwapokea amekaa wima. Aliuliza swali moja, "Kwa nini mlinichoma?"

Mzee Nsengimana alijibu, "Tulikuchoma kwa sababu umetufaa, Ndugu."

"Umetufaa, kwa hiyo moto?"

"Maharage yametufaa, tumeyachoma. Ng'ombe ametufaa, tumemchoma. Wewe tungekuacha peke yako uwanjani unyeshewe?"

"Na kiongozi ambaye hajawafaa mnamfanya nini?"

"Huyo hatumtengenezi."

Ndugu Katibu Tarafa akauliza kama kweli lile tumbo lilikuwa lazima. Wakamweleza habari ya mpira chini ya koti. Hapo ndipo aliposhika kichwa, akacheka peke yake, akaagiza chai. Aliwaambia kwao pwani mtu akikuchoma sanamu yako hakutakii maisha, na kwamba usiku ule hakulala, alisoma dua mpaka asubuhi. Wajumbe wetu waliumia kusikia hivyo, kwani usiku uleule sisi tulikuwa tunamwombea baraka, tukichanganya majivu na maharage.

Wakasameheana. Lakini alisema barua nakala yake imeshafika Wilayani, na jambo lililofika Wilayani yeye hawezi kulirudisha kwa mkono wake. Tangu siku hiyo ameandika mara tatu kukuomba uje. Leo umekuja, na tunamshukuru mbele yako.

MWAKA BILA SHEREHE

Mwaka jana tulivuna maharage, tukachoma mabua kila mtu uani kwake. Hakuna aliyepigana. Hatuwezi kusema tumerudi kule tulikotoka. Lakini kuna mambo tuliyaona.

Watoto wa Rugina hawakwenda tena kunywa uji kwa Mzee Nsengimana, kwa kuwa hapakuwa na ng'ombe wa kujifunza. Mkewe aliupika siku mbili za kwanza, ukamwagwa. Mahudhurio shuleni yameshuka hadi mia moja na thelathini. Katika netiboli wasichana wameanza kuchaguana kwa vilima. Kisimani mstari bado ni mmoja, ila umekuwa kimya.

Na yupo Josephina. Watoto wenzake walisema yeye ndiye aliyeiua sherehe. Walimwita Majivu. Akipita njiani walimwuliza, "Majivu, leo umembebea nani?" Alivumilia mpaka mwezi wa kumi wa mwaka uleule wa 1975, kisha akaacha shule. Baba yake, Ndugu Kasian, alimbembeleza, akamchapa, akambembeleza tena. Mwalimu Asia aliporudi alikwenda nyumbani kwao kila Jumamosi. Josephina humfungulia mlango, humpa kiti, humsikiliza, halafu humwambia, "Mwalimu, iliyosimamishwa na barua itarudishwa na barua. Ikirudi nitakuja." Sasa ni mwaka mmoja na miezi tisa. Wenzake wako darasa la sita.

Sisi watu wazima tuna la kukiri hapa. Siku ile mtoto alitutazama nasi tukatazama chini. Mtu mmoja kati yetu angesema, "Tumemtuma sisi," mtoto asingeachwa peke yake na kikapu. Tumeliungama jambo hilo kwa Mungu. Tumemwambia Josephina pia, wote, mmoja mmoja, uani kwa baba yake. Alituitikia kwa adabu. Lakini hakurudi shuleni, kwa kuwa sisi si barua.

CHANGAMOTO NYINGINE

Uwanja wetu unateremka upande wa kusini, na mpira ukitoka huko unafuatwa hadi mtoni. Mpira wa ngozi ulioletwa na Ndugu Katibu Tarafa ulikufa mwaka jana kwa kushonwa mara nyingi. Tunayo ngozi yake, hatujaitupa. Filimbi ya mwamuzi haipo, Mwalimu Mkuu anatumia vidole. Mashindano ya shule za wilaya yamekuwa yakipangwa wiki ileile ya mavuno, na hapo watoto wazuri wa mbio huitwa Kasulu mjini, sanamu zikabaki bila wabebaji.

MAOMBI YETU

Tunaomba mipira miwili, mmoja wa miguu na mmoja wa netiboli, na filimbi.

Tunaomba tarehe ya mashindano ya shule isogezwe wiki moja, ikiwezekana.

Tunaomba magunia matupu ya karatasi ya simenti yanayobaki kwenye majengo ya serikali yasitupwe. Ni nguo nzuri sana za sanamu.

Tunaomba Mwalimu Asia Hilali aachwe hapa. Tumesikia habari ya uhamisho. Hatuulizi kama ni kweli, tunaomba tu.

Kuhusu moto, tumekubaliana hivi. Mwaka huu hakuna sanamu ya mtu. Kavumu wana ng'ombe, Rugina korongo, Gasenga mzinga wa nyuki unaolia kweli, kwa sababu ndani yake wako watoto kumi na wanne wanaopuliza mabua. Tulipomwambia Ndugu Katibu Tarafa kwamba hatutatengeneza mtu tena, alisema ni busara, kisha baada ya muda akauliza, "Kabisa?" Wewe ukiona hata wanyama wasichomwe, tutawafukia shambani, na tutatii bila kinyongo. Lakini ukituruhusu kuchoma, tutakueleza mapema kila kitu, na kikapu cha kwanza tutakuuliza kama unakitaka.

Na tunaomba hasa ruhusa yenyewe. Tunaiomba leo, na tunaiomba kwa maandishi. Ukurasa mmoja unatosha, hata nusu. Uandikwe tu kwa jina la ofisi yako kwamba Sherehe ya Mavuno ya Nyamigano imerudi. Karatasi na kalamu tumeviweka mezani, tusije tukakupa kazi ya kutafuta. Barua ile ya kwanza tuliisoma kwa zamu, mstari mmoja kila mtu. Hii hatutaigawana. Tumekwisha kubaliana ataisoma Josephina peke yake, kwa sauti.

MWISHO

Mgeni Rasmi, sanamu ziko nyuma ya shule. Watoto wamezibeba mabegani tangu gari lako lilipoonekana darajani, na ng'ombe wa mwaka huu ni mzito. Hawatusikii walipo. Tumewaambia wakae pale mpaka mtu awafuate. Jana jioni tulikuwa tunapanga nani awe mtu huyo, Ndugu Katibu Tarafa akasema, "Nipeni mimi." Kwa hiyo ukimaliza kuandika, mpe yeye karatasi. Kutoka hapa hadi pale ni hatua mia mbili hivi. Josephina amekubali kuja leo. Yuko mbele ya wenzake, upande wa njia, naye ndiye atakayepokea.

Mwenyezi Mungu aliyetupa mvua na maharage akupe afya, wewe na watu wa nyumbani kwako, akurudishe salama darajani, na aupe mkono wako wepesi mchana huu.

Ni sisi,

Darasa la Jioni la Kisomo, pamoja na walimu, wanafunzi na wananchi wote wa Kavumu, Rugina na Gasenga, ambao ni Kijiji kimoja cha Nyamigano.

Imesomwa kwa niaba yao na Ernesta Niyonsaba, mwanakisomo.